Bukavu: Hoteli inayotupa chupa inajizimia umeme yenyewe

Umeme unapokatika usiku katika mji wa Bukavu, sauti ya kwanza inayosikika kandokando ya ziwa Kivu ni ya jenereta za hoteli. Kwa mgeni aliye chumbani, ni taa imerudi. Kwa mwenye hoteli, ni mazutu inaungua. Kwa mkaaji wa Kadutu anayeziangalia taa hizo kutoka mlimani akiwa gizani, ni alama kwamba wenye feza wamepata njia yao. Wachache ndio wanaojiuliza kama hoteli zenyewe zina sehemu katika giza hilo. Jibu ni kwamba zina sehemu.

Sehemu kubwa ya umeme wa Bukavu inatoka kwenye mto Ruzizi. Bwawa la Ruzizi ya kwanza lilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, na nguvu yake haifiki megawati 30. Ruzizi ya pili, ya mwaka 1989, inagawanywa na inchi tatu: Congo, Rwanda na Burundi. Mto huo unatoka ziwani, pale pale mjini. Chupa ya plastiki inayotupwa kwenye mfereji wa Ibanda ao Kadutu, mvua inaisukuma mpaka ziwani, na maji ya ziwa yanaifikisha kwenye mlango wa bwawa. Takataka zikijaa pale, mitambo inashindwa kufanya kazi vizuri, na mara zingine inasimamishwa ili isafishwe. Mji unaingia gizani. Hoteli inawasha jenereta.

Kila siku hoteli zinawapa wageni maji katika chupa ndogo za plastiki: moja chumbani, moja mezani, zingine kwenye ukumbi wa mikutano. Semina moja ya watu mia moja inaweza kuacha chupa mia mbili ao tatu kwa siku. Hoteli inayoweka kichujio kizuri na kuwapa wageni maji katika chupa za vioo haiwanyimi kitu. Inalinda bwawa linaloipa umeme.

Tuje kwenye hesabu ya mazutu. Kupasha moto litri 30 za maji ya kuoga, kutoka digri 20 mpaka 50, kunakula karibu kilowati-saa moja. Hoteli yenye vyumba 40 vilivyojaa inakula basi kilowati-saa 40 kila asubuhi kwa kuoga tu. Ikiwa umeme hauko, jenereta itakunywa litri zaidi ya kumi za mazutu kwa kazi hiyo peke yake. Wakati huo huo jua linapiga bure juu ya paa. Mashine ya kupasha maji kwa jua si kitu cha ajabu: ni mabomba, kioo na tanki. Taa nazo ni vile vile: taa ya LED ya wati 9 inaangaza kama balbu ya zamani ya wati 60.

Maji ni hesabu ingine. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde linapoteza karibu litri 20 kwa siku. Hiyo ni bidoni nzima ya manjano, ile ambayo mama wa Kadutu anapanda nayo mlima mgongoni. Na Bukavu ni mji wa mvua, karibu miezi tisa kwa mwaka. Paa la metre carré 300 linaweza kukusanya litri 3.000 kwa mvua ya milimita 10. Maji hayo yanatosha kufua mashuka, kusafisha sakafu na kunywesha bustani, bila kugombania na mitaa maji ya Regideso.

Jambo zito zaidi liko jikoni. Kwa kutengeneza kilo moja ya makala kwa njia ya kienyeji, kunahitajika kati ya kilo 5 na 10 za miti. Sehemu ya makala inayouzwa Bukavu inatoka katika pori la Kahuzi-Biega, hifadhi iliyoundwa mwaka 1970, makao ya sokwe wakubwa wa mashariki. Tangu 1997 UNESCO imeiweka katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Ni hifadhi hiyo hiyo ambayo hoteli zinaweka picha zake ukutani ili kuwavuta watalii. Kuchoma pori jikoni na kuuza picha yake mapokezini ni kujidanganya.

Wenye hoteli wana jibu lao, na ni la kusikilizwa: kodi ni nyingi, vita imewafukuza wageni, na vyombo vya jua ni vya bei kali. Ni kweli. Lakini kutengeneza bomba, kubadilisha balbu, kumuuliza mgeni kama anataka mashuka yabadilishwe kila siku, kununua jiko linalokula makala kidogo, hayo hayangoji amani wala mkopo. Feza ya mazutu iliyookolewa ndiyo itakayolipa hatua ya jua.

Viongozi nao wasijifiche. Sheria ya mazingira iko tangu tarehe 9 Julai 2011. Amri ya kukataza mifuko na vifungio vya plastiki iko tangu Desemba 2017. Kukosa kuzitumikisha kunampa faida anayechafua na kumwadhibu anayejitahidi. Afadhali kupunguza kodi ya vyombo vya jua na kuwa wakali juu ya mifereji inayomwaga uchafu ziwani.

Hoteli haiwezi kuhama na kwenda kutafuta ziwa lingine. Mgeni atalala usiku mbili na kurudi kwake. Mwenye hoteli, wafanyakazi wake na watoto wa Bukavu watabaki na maji yale yale, pori lile lile na bwawa lile lile.