Pikipiki Yangu, Jasho Langu?



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya neno moja ambalo wanaume wengi wa huku kwetu milimani hulitamka kana kwamba ni kanuni ya imani: “Ni jasho langu.” Neno hili husikika zaidi baada ya mavuno ya viazi, au pale mnunuzi wa miti anapokuwa amemaliza kulipa. Siku chache baadaye pikipiki mpya huonekana imeegeshwa mbele ya nyumba, na mama wa nyumba hiyo huiona kwa mara ya kwanza pamoja na majirani. Akiuliza imetoka wapi, hujibiwa kwa maneno hayo matatu, na mazungumzo huishia hapo.

Tuseme wazi tangu mwanzo ni pikipiki gani tunayoizungumzia. Kijana anayebeba abiria kati ya Ikonda, Tandala na Iwawa anaitafutia familia yake riziki. Huyo tunamwombea usalama na kumsihi avae kofia ngumu. Mkulima anayefikia shamba lake la mbali kwa pikipiki naye hatumgusi. Tunazungumzia chombo cha raha: pikipiki ya pili wakati ya kwanza bado inatembea, pikipiki ya kukimbizia kwenye lami ya kwenda Njombe siku ya Jumapili, spika za muziki zenye ukubwa wa kabati, gari lililonunuliwa ili baba aonekane Makambako. Ndugu zetu wa mwambao wa Ziwa Nyasa, kule Ludewa, watataja boti na injini yake. Vitu hutofautiana, lakini hoja ni ileile.

Wala hatukusudii kuilaani raha. Kanisa halijawahi kufundisha kwamba mtu aliyefunga ndoa hana haki ya kufurahi. Bwana wetu alihudhuria arusi ya Kana, alikaa mezani na watu wa kila namna, na wapinzani wake wakamsema kwa hilo. Mume aliyefanya kazi juma zima kwenye baridi ya milima hii anahitaji kupumzika, na mke wake vilevile. Swali letu ni jingine: je, raha ya mmoja inaweza kununuliwa kwa fedha za wawili, bila mwingine kuulizwa? Tunajibu kwamba haiwezi, na tunataka kueleza sababu.

Wapo watakaotukumbusha sheria. Watasema kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 58, inatambua kuwa ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali, na kwamba mume au mke anaweza kuwa na mali yake mwenyewe. Ni kweli. Lakini wasome na kifungu kinachofuata, cha 59, kinachomzuia mwenzi kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Wasome pia kifungu cha 114, kinachoitaka mahakama, inapogawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, iangalie mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kuchuma mali. Kwa hiyo hata mahakama ya serikali, isiyohubiri Injili, imekwisha kumjibu anayesema “ni jasho langu.” Imemwambia: kulikuwa na jasho jingine, nawe hukulihesabu.

Na huku kwetu jasho hilo linaonekana kwa macho. Tuchukue shamba la misindano. Lilipopandwa, nani alibeba miche? Nani alipalilia, nani alitoka kufyeka barabara ya kuzuia moto kabla ya kiangazi, huku amembeba mtoto mgongoni? Msindano ukiachwa ukomae vizuri kwa mbao huhitaji miaka 15 hadi 20 hivi. Wazazi wengi hupanda mtoto anapozaliwa, ili siku ya kwenda sekondari au chuo miti iwe tayari. Kisha mwaka wa 7 au wa 8 baba anaona pikipiki ya rafiki yake, anamwita mnunuzi, miti michanga inaanguka kwa bei ya miti michanga. Mtoto hakuambiwa kwamba ada yake imeuzwa. Mama aliambiwa jioni, au hakuambiwa kabisa. Ndugu zetu, huo ndio wizi ambao hakuna anayeupeleka polisi.

Tena tufanye hesabu, maana wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Tuchukue mfano wa pikipiki ya shilingi 3,000,000, na mwenye nayo anaunguza lita 1 tu ya petroli kwa siku kwa matembezi yake. Tukikadiria lita kwa shilingi 3,000, ni shilingi 90,000 kwa mwezi, na shilingi 1,080,000 kwa mwaka. Kwa miaka 3 petroli pekee imekula 3,240,000, yaani zaidi ya bei ya pikipiki yenyewe, kabla hatujagusa oili, matairi, bima na fundi. Mwaka 2018 Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulipoanza, kaya ya watu 6 ilitakiwa kulipa shilingi 30,000 kwa mwaka mzima. Ni baba wangapi walisema hawana, huku wakiunguza kiasi hicho barabarani kwa siku 10? Bwana Yesu alimtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza huketi na kuhesabu gharama. Tunawaomba waketi. Na tunawaomba wasiketi peke yao.

Kuna jambo linalotuumiza zaidi. Mkoa wetu wa Njombe unalisha watu wengi: viazi, mahindi, maharage, ngano, matunda, maziwa. Hata hivyo uchunguzi wa kitaifa wa lishe wa mwaka 2018 ulionesha kwamba asilimia 53.6 ya watoto wetu walio chini ya miaka 5 walikuwa na udumavu, na uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta bado ni kama nusu yao. Hatusemi kwamba pikipiki ndizo zilizodumaza watoto. Sababu ni nyingi, na nyingine ni ujinga wa lishe na kazi nyingi za akina mama. Lakini tunasema hivi: katika mkoa ambako nusu ya watoto hawakui ipasavyo, hakuna baba anayeweza kuiita fedha ya mavuno fedha yake ya raha kabla hajatazama sahani ya mtoto wake. Mtume Paulo, akimwandikia Timotheo, alimweka mtu asiyewatunza wa nyumbani mwake chini kuliko asiyeamini. Ni neno kali, na hatuna mamlaka ya kulilegeza.

Sasa tuligeukie shauri moja baya linalotolewa kwa jina la hekima. Katika sherehe za kumwaga bibi arusi, na wakati mwingine hata vinywani mwa wasimamizi wa ndoa, tumesikia binti akiambiwa: “Mwanaume mwachie kitu chake kimoja cha kumtuliza, ukimnyima atakwenda kutulizwa kwingine.” Shauri hili tunalikataa kabisa. Linamdharau mwanamume kabla ya kumdhulumu mwanamke, kwa kuwa linamfanya mtoto anayenyamazishwa kwa kitu cha kuchezea. Linamfundisha mke kununua uaminifu ambao aliahidiwa bure mbele ya altare. Na ni tishio lililovalishwa nguo ya ushauri. Wazazi wa ubatizo, wasimamizi, mama zetu wa WAWATA, tafadhali neno hili likome kusemwa katika parokia yetu.

Katika Injili ya Marko, Yesu aliwakemea watu waliosema kwamba mali ambayo ingewasaidia wazazi wao imekwisha kuwekwa wakfu kwa Mungu. Angalieni uzito wake: hata sadaka ilikataliwa ilipotumiwa kuwakwepa wale tuliofungwa nao kwa wajibu. Kama sadaka ya hekalu haikufaa kuwa kisingizio, spika na injini zitafaaje?

Haki inatudai tuseme na upande wa pili. Wapo akina mama wanaochukua mkopo wa VICOBA kwa siri ili washone sare ya kila arusi na kutoa mchango mkubwa kuliko jirani, kisha marejesho yanatolewa kwenye fedha ya mbolea. Hiyo nayo ni pikipiki, ila haina magurudumu. Dhambi ni moja: mtu mmoja ameamua peke yake jambo ambalo wawili watalilipa.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1055, inaieleza ndoa kuwa agano ambalo kwalo mume na mke huunda ushirika wa maisha yote. Maisha yote ni pamoja na mfuko wa fedha. Hayati Papa Fransisko, katika Wosia wake wa Kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, sura ya 4, alieleza kwa kirefu umuhimu wa mazungumzo kati ya mume na mke, na haja ya kutenga muda wa kumsikiliza mwenzako. Mazungumzo hayo hayawezi kuhusu mambo ya rohoni tu, huku fedha ikibaki siri ya mmoja.

Basi tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kila nyumba ipange kiasi ambacho hakuna anayekivuka bila wawili kuketi na kukubaliana. Kiasi hicho mtakijua ninyi wenyewe. Pili, mavuno yanapouzwa, mtangulize chakula, ada, matibabu, zaka na mbegu za msimu ujao; raha ipate kinachobaki. Tatu, kila mmoja awe na fungu dogo la kutumia bila kuulizwa, na mafungu hayo yawe sawa, la mume na la mke. Nne, wanaojiandaa kwa ndoa wafike kwenye mafundisho wakiwa wameandika kile walichonacho na madeni yao, na kila mmoja asome karatasi ya mwenzake. Anayeogopa kuonesha karatasi hiyo kabla ya ndoa, ataogopa zaidi baadaye.

Huenda mkikaa na kuhesabu, mtakuta pikipiki hiyo inawezekana mwakani. Ikiwa hivyo, inunueni kwa furaha, na Jumapili moja baba ampakie mama, wote wakiwa na kofia ngumu, waje Misa pamoja. Sisi tutakuwa wa kwanza kuibariki. Lakini ile iliyofika kwa siri, ikalala nje ya nyumba ambayo ndani yake mtu analia, hiyo haingoji maji ya baraka. Inangoja mwenye nayo aingie ndani, aketi, aombe msamaha, na kuweka daftari mezani.

Familia Takatifu ya Nazareti iziombee familia zetu zote. Mungu awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.