Musumba: Mlango wa nyuma unaofungwa kwa kamba si jambo la kuzoea

Gari la zamani likifika Musumba kutoka Kolwezi, kazi ya kwanza si lazima iwe kushusha mizigo. Mara nyingine ni kutafuta namna ya kufungua mlango wa nyuma. Kishikio kimevunjika. Dereva anaingia kwa mlango wa upande, anapanda juu ya magunia, anatambaa mpaka nyuma, anasukuma kitasa kwa turnevisi. Watu wanaosubiri chini wanacheka. Yeye mwenyewe anacheka pia, kwa sababu amezoea.

Wengine hawatambai tena. Wamevunja kitasa kabisa na kufunga mlango kwa kamba ya mpira au kipande cha waya. Gari linatembea, mizigo inafika, na kishikio kinasahauliwa. Kila mwenye gari anasema atatengeneza mwezi ujao.

Lakini jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda, iko katika teritware ya Kapanga, mamia ya kilomita kaskazini-magharibi mwa Kolwezi. Huko gari si la kwenda kazini tu. Ni gari la biashara, ni gari la matanga, na usiku mama mjamzito anapozidiwa, ndilo ambulansi. Mgonjwa asiyeweza kukaa anapitishwa wapi? Anapitishwa mlango wa nyuma, akiwa amelala juu ya godoro. Mlango huo ukikataa kufunguka mbele ya hospitali, watu wanahangaika kumgeuza mgonjwa katikati ya viti. Dakika zinazopotea hapo hazirudi.

Hatari ya pili ni moshi. Gari linapokwenda mbio na mlango wa nyuma haukufungwa vizuri, hewa ya nyuma inavutwa kuingia ndani, pamoja na moshi wa egzosi. Ndani ya moshi huo kuna gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Inaleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu na usingizi, na ikizidi inaua. Watoto wanaokaa nyuma wanaivuta wa kwanza. Mama anayesema mtoto wake anachoshwa na safari pengine hajui kwamba kamba ile ya nyuma ina sehemu yake katika uchovu huo. Vumbi nyekundu ya barabara nayo inaingia kwa njia hiyo hiyo.

Hatari ya tatu ni ajali. Gari likianguka na milango ya upande ikakwama, mlango wa nyuma ndiyo njia iliyobaki. Uliofungwa kwa waya haufunguliwi na mtu mwenye hofu, tena gizani.

Basi kwa nini kishikio kinavunjika? Wengi wanasema ni uzee wa gari. Uzee upo, lakini si sababu yote. Katika Toyota nyingi za aina ya Ist, Spacio au Noah, zinazotoka Ujapani zikiwa zimeshatumika miaka mingi, kishikio kiliundwa ili kuvuta kitasa tu. Kazi ya kuinua mlango ni ya fimbo mbili za gesi zilizo pembeni. Fimbo hizo zikiisha nguvu, mlango unakuwa mzito, na mtu anauinua wote kwa vidole viwili kupitia kipande cha plastiki. Ongeza magunia ya makala yanayosukuma mlango kutoka ndani, na vumbi iliyokausha kitasa. Siku moja plastiki inasema basi. Kwa hiyo anayebadilisha kishikio bila kuangalia fimbo za gesi na kitasa atarudi garaji kwa kosa lile lile.

Kuna wanaojibu kwamba piesi hazipatikani. Ni kweli kwamba njia ni ndefu. Piesi iliyotumika inaweza kupita Dar es Salaam, Zambia, Kasumbalesa na Lubumbashi kabla ya kufika Kolwezi, na kutoka Kolwezi mpaka Kapanga ni safari nyingine. Ikifika, huenda ni ya gari la mwaka tofauti na haiingii. Na hata ikiingia, ni plastiki ile ile, yenye uzee ule ule.

Ndiyo maana kungojea piesi si jibu la Musumba. Jibu liko kwa mafundi wa hapa, ila kazi ifanywe kwa utaratibu. Kwanza, asinunue mtu kishikio kabla ya kujua kilichoharibika. Ubao wa ndani wa mlango unatolewa polepole, karibu na vishikizi vyake, ili usipasuke. Hapo fundi anaangalia mambo matatu: je, kishikio chenyewe kimevunjika? Je, fimbo nyembamba au waya unaokiunganisha na kitasa umechomoka? Au kitasa kimekwama kwa kutu na vumbi? Ikiwa ni la pili au la tatu, grese kidogo na mkono wenye subira vinaweza kumaliza kazi bila kununua kitu.

Kishikio kikiwa kimevunjika, mlango unafunguliwa kwa kusukuma mkono mdogo wa kitasa, kisha unategemezwa kwa mti imara. Mlango wenye fimbo zilizochoka unaweza kushuka juu ya kichwa cha fundi. Nati zinazoshika kipande cha nje zinafunguliwa, nyaya za taa za namba zinatolewa kwa uangalifu. Mara nyingi kilichovunjika ni masikio mawili ambamo pini inapita. Vipande vya zamani vinawekwa juu ya bati la aluminiamu au chuma chembamba, vinachorwa, na kipande kipya kinakatwa kwa kipimo hicho. Kinafungwa kwa buloni na nati, si kwa gundi. Gundi inashika siku mbili, kisha joto na mtikisiko vinaimaliza. Kila tundu linawekewa mpira ili mvua isiingie na kuleta kutu.

Kuchomelea moja kwa moja juu ya mlango si vizuri. Kioo kiko karibu, nyaya ziko karibu, na plastiki ya ndani inashika moto. Na kabla ya kufunga mlango kwa mara ya kwanza, fundi mwenye akili anafunga kitasa peke yake kwa turnevisi, mlango ukiwa bado juu, kisha anajaribu kishikio kipya. Kikifungua mara kumi bila kukosa, mlango unaweza kushushwa. Asiyefanya hivyo anaweza kujikuta ameufunga tena, na lazima atambae juu ya magunia kama jana.

Kazi hii haiwashindi watu wa Katanga. Karne nyingi kabla ya magari, wazee wa nchi hii waliyeyusha shaba na kuimimina kuwa misalaba iliyotumika kama pesa. Hata leo kuna mafundi wanaoyeyusha aluminiamu ya zamani na kutengeneza masufuria. Mtu anayeweza kumimina sufuria isiyovuja anaweza kumimina kishikio cha Noah. Kinachokosekana ni wenye magari kumpelekea kazi hiyo, na kumlipa kama fundi, si kama mtu wa kusaidia tu.

Serkali ya jimbo nayo ina sehemu yake. Tangu Lualaba iwe jimbo mwaka wa 2015, watu wamesikia mengi kuhusu kobalti ya Kolwezi. Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili za kobalti ya dunia, na nyingi inaingia katika betri, zikiwemo za magari mapya ya nchi za mbali. Ni aibu kwamba katika jimbo hilo hilo mgonjwa anafungiwa ndani ya gari kwa waya. INPP, iliyoundwa mwaka wa 1964 ili kufundisha watu kazi za mikono, ingeweza kupeleka walimu mpaka Kapanga, hata kwa majuma machache tu, wafundishe vijana wa garaji kutengeneza piesi ndogo kwa vipimo. Na anayesimamisha gari barabarani kuangalia makaratasi aangalie pia kama mlango wa nyuma unafunguka, kwa kumwonya dereva na si kwa kumtoza franka mfukoni.

Mwenye gari atasema karo ya watoto inakuja kwanza. Ana haki. Lakini kipande cha aluminiamu, buloni mbili, mpira na nusu siku ya fundi si mzigo wa kulinganishwa na karo, wala na kioo cha nyuma kikivunjika, wala na gunia la unga likianguka njiani bila mtu kujua. Asiyeziba ufa atajenga ukuta.

Kamba iliwekwa ili kufika nyumbani jioni ile. Imefikisha watu nyumbani, na kazi yake imekwisha. Safari ijayo, anayelala nyuma ya gari hilo anaweza kuwa mtoto wa dereva mwenyewe.