Jina la mkimbizi lisisingiziwe mashine

Tumechoka kusikia neno hili kwenye meza ya kuandikisha wakimbizi wa ndani: «Mama, ni mashine imekosea.» Mashine haikosei jina la mtu. Imepangwa vibaya, na aliyeipanga yupo.

Kompyuta zilizotoka Ufaransa zina klavye (wengine wanasema kibodi) ya AZERTY. Nyingine zinazotufikia ni QWERTY. Basi mwandishi anaketi mbele ya QWERTY, kumbe ndani mashine imebaki kwenye AZERTY. Anabonyeza Zawadi, inatoka Wqzqdi. Mwamini anakuwa ?zq,ini. Mwaka wa kuzaliwa, 1995, unakuwa &çç(. Foleni ni ndefu, haangalii skrini. Akiona, anasahihisha kwa kubahatisha.

Shida ya pili ni mbaya zaidi, kwani mwandishi haioni kabisa. Majina yetu ya ubatizo yana alama za Kifaransa. Katika mpango wa UTF-8, herufi é inashika baiti mbili; katika ule wa zamani, Latin-1, inashika moja. Orodha ikiandikwa kwa mpango wa kwanza na kufunguliwa kwa wa pili, Désiré anageuka DÃ©sirÃ©. Siku ya chakula mgawaji anatafuta Désiré, kompyuta inajibu hakuna. Baba wa watu anarudi kwenye hema mikono mitupu, ameonwa kama mwizi wa jina.

Kuna wanaosema tufute alama zote. Kwa nini sisi tupunguzwe majina ili mashine ipumzike?

Dawa haingojei pesa ya mfadhili. Kwenye mashine za Linux zenye skrini nyeusi ya maandishi tu, amri loadkeys us inaweka QWERTY, loadkeys fr inaweka AZERTY. Mashine ikizimika inasahau (na umeme wetu mnaujua), kwa hiyo fundi aiweke moja kwa moja. Amri locale inaonyesha kama ni UTF-8. Kisha uandikwe mstari mmoja, Zawadi, Mwamini, Désiré, 1995, ufunguliwe kwenye kompyuta ya kugawia. Usiposomeka, foleni isianze.

Na ninyi wazazi, msitoke mezani kabla ya kuonyeshwa skrini. Asiyejua kusoma aende na mtoto wa shule. Jina likiwa limepindishwa, mkatae kutia kidole mpaka lisahihishwe hapo hapo.