Uraka na mtumbwi visichanganywe

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni juu ya jambo lililozua mjadala kijijini kwetu, karibu na mto Mbwemkuru. Jambo lenyewe ni utalii wa pombe na mtumbwi. Najua wapo watakaocheka, lakini nawaomba wanisome hadi mwisho, kwa kuwa ndani ya jambo hili mna kipato cha akina mama, mna mahitaji ya watoto wa shule, na mna roho za watu.

Vijana wetu kadhaa wameleta shauri. Wameona katika simu zao kwamba mjini Amsterdam, nchini Uholanzi, mgeni hununua tiketi moja inayompa mambo mawili. Kwanza huingizwa katika kiwanda cha bia ya Heineken, akaonyeshwa jinsi bia inavyotengenezwa na kuonjeshwa. Pili hupandishwa boti na kuzungushwa katika mifereji ya mji huo akitazama majumba ya kale. Vijana wakasema: "Babu, hata sisi tunayo pombe yetu na mto wetu. Kwa nini tusifanye hivyo hivyo?"

Sikuwacheka, na wala sikuwakataza. Niliwaambia kwamba wazo ni zuri nusu, na nusu ya pili itatuletea msiba. Ndiyo sababu naandika barua hii, maana naamini mawazo kama hayo yapo pia kwa vijana wa vijiji vingine vyenye mto au ziwa.

Nianze na uzuri wake. Hicho kiwanda cha Amsterdam kilijengwa mwaka 1867 na kiliacha kutengeneza bia mwaka 1988. Maana yake ni kwamba Waholanzi wamegeuza kiwanda kilichofungwa kuwa mahali pa kuingiza fedha, na watu wanatoka nchi za mbali kwenda kukitazama. Sisi huku Nachingwea na Ruangwa, kila msimu wa korosho, akina mama wanatengeneza uraka mbele ya macho yetu, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kulipa senti kwa kuwatazama. Wenzetu wa Mto wa Mbu, karibu na Ziwa Manyara, walishaamka zamani. Wageni wanaokwenda kuangalia tembo hupitishwa vijijini, wakaonyeshwa pombe ya ndizi inavyopikwa, na wanakijiji wakapata chochote.

Kwa wasomaji wasioijua uraka, nitaeleza kidogo. Korosho hukaa chini ya tunda liitwalo bibo. Mkulima akishaitoa korosho na kuipeleka katika chama cha msingi, ambacho huku kwetu kiko chini ya chama kikuu cha RUNALI, mabibo hubaki. Mengi huoza chini ya mikorosho na kuliwa na nzi. Machache hukusanywa na akina mama, yakakamuliwa, maji yake yakachujwa na kuachwa katika chombo. Hapahitajiki hamira wala kimea. Yanachacha yenyewe kwa usiku mmoja tu, na hiyo ndiyo uraka. Ikikaa siku mbili tatu inakuwa kali na chachu, wala haifai tena kumpa mgeni.

Mimi sinywi pombe, na wengi wa majirani zangu hawanywi kwa sababu ya dini. Hata hivyo siwezi kuidharau uraka, kwa kuwa dada yangu, aliyefiwa na mume wake mapema, aliwavisha wanawe sare za shule na kuwanunulia madaftari kwa kuuza uraka. Korosho zenyewe zilikuwa chache na fedha zake huja mara moja kwa mwaka. Uraka ilimpa shilingi za kila siku. Wapo akina mama wengi wa namna hiyo. Kwa hiyo vijana wanaposema mgeni aje aone kazi hiyo na ailipie, naunga mkono kwa mikono miwili. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sasa nije kwenye tatizo. La kwanza ni majira. Mabibo ya kwetu huiva kuanzia Septemba au Oktoba na kumalizika Desemba. Miezi hiyo Mbwemkuru uko katika hali gani? Kila mwenyeji anajua. Sehemu nyingi ni mchanga mtupu, na maji yamebaki katika madimbwi. Mtumbwi utapita wapi? Mvua zetu huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili. Mto unapojaa hata ukastahili kuitwa mto, mabibo yamekwisha na vyombo vya uraka vimefunikwa. Kwa maneno mengine, uraka na mtumbwi havikutani. Mifereji ya Amsterdam ina maji mwaka mzima na bia ya kiwandani haina msimu. Sisi tumepewa kalenda nyingine, na hatuwezi kuibadili kwa sababu tumeona picha nzuri katika simu.

Tatizo la pili linazaliwa na hilo la kwanza, nalo ndilo linalonitia hofu zaidi. Mgeni akija mwezi Februari, mto umejaa, naye ameahidiwa pombe ya kienyeji, vijana watampa nini? Watampa gongo, ambayo wengine huku kusini huiita nipa. Gongo hutengenezwa kwa kuichemsha ile uraka na kuukusanya mvuke wake, nayo huhifadhika mwaka mzima. Lakini kutengeneza pombe ya moshi bila leseni ni kosa tangu Bunge lilipotunga sheria yake mwaka 1966. Isitoshe, anayekunywa hana njia ya kujua ukali wake wala uchafu uliomo. Watu wamepofuka na wengine wamekufa kwa pombe za namna hiyo. Je, tunataka kumkaribisha mgeni kwa kitu ambacho sisi wenyewe tunakinywa kwa kujificha?

Na huyo aliyekunywa ndiye tunayetaka kumpandisha mtumbwi! Ndugu Mhariri, hapa sisemi kwa kubahatisha. Miaka mingi iliyopita, wakati wa mvua, nilivuka mto huu kwa mtumbwi wa kuchonga. Tulikuwa watu sita, baiskeli moja na gunia la mahindi. Mpiga pondo alikuwa ananuka gongo tangu tukiwa ukingoni, lakini tulinyamaza, kwa kuwa jioni ilikuwa inaingia na kila mtu alitaka kufika kwake. Katikati ya mto aliupeleka mtumbwi kwenye kisiki ambacho hata mimi niliyekaa nyuma nilikiona. Ukapinduka. Bibi mmoja mzee alichukuliwa na maji, akashika matawi ya mti ulioinama ndiyo pona yake. Baiskeli na mahindi hatukuviona tena. Mpiga pondo alipofika ukingoni alikuwa anacheka, hajui hata lililotokea. Usiku ule nilifahamu kwamba sisi tuliokuwa wazima tulikuwa na makosa kuliko yeye, kwa kuwa tulinusa tukanyamaza.

Na mto huu una mamba na viboko. Mtu mzima wa akili zake, asiye na kitu kichwani, hutumia macho yote mawili anapokuwa juu ya maji hayo. Mlevi husimama katika mtumbwi ili apige picha, au huning'iniza mkono majini. Pombe humfanya mwoga awe shujaa kwa saa mbili tu, na saa mbili zinatosha kabisa kuzama.

Taifa letu limelia vya kutosha kwa ajali za majini. Tulilia mwaka 1996 MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Viktoria. Tulilia tena mwaka 2011 kwa MV Spice Islander kule Zanzibar, na mwaka 2018 kwa MV Nyerere karibu na Ukara. Sisemi kwamba pombe ndiyo iliyozamisha vyombo hivyo. Kilichotajwa sana ni kuzidisha abiria na mizigo. Lakini fundisho ni moja: chombo cha majini hakimsamehe mzembe, na ukaguzi haufai kuanza baada ya mazishi. Leo tunalo Shirika la Wakala wa Meli, TASAC, lenye jukumu la kusimamia usalama wa vyombo vya majini. Vijana wanaotaka kubeba wageni waanzie huko, wasianzie kwenye kutengeneza vibao vya matangazo.

Tatizo la tatu ni nani atakayefaidika. Mkoa wetu wa Lindi una kumbukumbu chungu juu ya jambo hilo. Kule Tendaguru, si mbali na Mbwemkuru, Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi mikubwa ya kale kati ya mwaka 1909 na 1913. Wananchi waliichimba na kuibeba vichwani hadi bandari ya Lindi. Leo mmoja wa mijusi hao, mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, amesimama katika jumba la makumbusho mjini Berlin, na watu wanalipa kiingilio kumwona. Aliyebeba alipata ujira wa kubeba tu. Nahofia kwamba hata katika utalii huu wa uraka, mwenye gari na mwenye simu atachukua fedha yote, na mama aliyeinama kukamua mabibo tangu alfajiri atapewa bei ya kikombe kimoja na kuambiwa atabasamu apigwe picha.

Baada ya kusema hayo, si vizuri nilaumu bila kutoa njia. Mapendekezo yangu ni haya.

Kwanza, vitu hivi viwili vitenganishwe kwa kufuata majira. Oktoba hadi Desemba iwe ziara ya mikorosho. Mgeni aone korosho inavyookotwa, mabibo yanavyokamuliwa na uraka inavyochacha, na aonje akitaka, akiwa ameketi chini ya mti. Mto unapokuwa na maji ya kutosha, wala haujafurika, iwe ziara ya mtumbwi, bila tone la pombe kwa mgeni wala kwa mpiga pondo. Na miezi ambayo mto umekauka, wageni watembezwe kwa miguu kando yake wakiwa na mwenyeji anayejua mamba wamejificha wapi.

Pili, ikitokea mwezi ambao vyote viwili vinawezekana, utaratibu uwe mtumbwi kwanza, kikombe baadaye. Hata huko Jinja, nchini Uganda, ambako kiwanda cha bia kiko Njeru, ng'ambo tu ya mto Naili, na boti za wageni zinazunguka mahali mto unapoanzia, mtu mwenye busara angeanzia kwenye maji. Utaratibu huo haugharimu chochote, nao unaweza kuokoa maisha. Kila anayepanda avae jaketi la kuokolea, awe mgeni au mwenyeji.

Tatu, tusiwasahau wasiokunywa. Maji ya mabibo kabla hayajachacha ni kinywaji kizuri, na wataalamu wanasema yana vitamini C nyingi kuliko chungwa. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimekuwa kikifundisha namna ya kutengeneza juisi na vitu vingine kutokana na mabibo. Mabwana na mabibi shamba wetu wayalete maarifa hayo hadi kijijini, yasiishie kwenye maonyesho ya Nane Nane.

Nne, akina mama wanaotengeneza uraka wajiunge katika kikundi na wapange wenyewe bei ya kuonyesha kazi yao, mbali na bei ya kinywaji. Halmashauri iwasaidie kupata vibali vya kuuza pombe ya kienyeji kwa mujibu wa sheria, badala ya kuwakumbuka siku ya kukusanya ushuru au siku ya msako. Gongo isiingizwe kabisa katika mpango huu.

Mwisho, nawaambia vijana wetu wasikate tamaa kwa sababu mzee amesema maneno mengi. Wao wameona thamani katika mabibo ambayo sisi tuliyaacha yaoze kwa miaka mingi, na kwa hilo nawapa heshima. Ninachowaomba ni kwamba siku watakayomkaribisha mgeni wa kwanza Mbwemkuru, wahakikishe anarudi kwao na habari njema, na mpiga pondo anarudi kwa mama yake jioni ile ile. Na wakimnusa mpiga pondo ananuka pombe, wasinyamaze kama tulivyonyamaza sisi.

Ni mimi mkulima wa korosho,
Nachingwea.