RDC: Kampuni ya bima ikikataa kulipa, nani anaweza kukata neno nje ya mahakama?

Tangu sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015, SONAS haiko tena peke yake katika soko la bima nchini Kongo. Kampuni za kibinafsi zilipata vibali vya kwanza mwaka 2019. Leo mteja anaweza kuchagua. Lakini ajali ikitokea, na kampuni ikakataa kulipa au ikatoa pesa kidogo, nani ana nguvu ya kisheria ya kumaliza ugomvi huo bila kesi?

Wengi hujibu: ARCA. Jibu hilo ni nusu tu. Mamlaka hiyo ya usimamizi wa bima, yenye makao Kinshasa, ina jukumu la kulinda wenye bima na wale wanaostahili kulipwa. Inatoa vibali, inakagua kampuni na inaweza kuziadhibu. Kwa hiyo barua ya malalamiko kwake ina uzito. Hata hivyo, kusimamia si kuhukumu. Adhabu inayopewa kampuni haiingii mfukoni mwa abiria wa pikipiki aliyevunjika mguu.

Njia ya pili ni upatanishi. Kongo ni mwanachama wa OHADA tangu 2012, na sheria ya pamoja ya OHADA kuhusu upatanishi ilipitishwa Conakry tarehe 23 Novemba 2017. Mpatanishi hatoi hukumu. Anasaidia pande mbili kuelewana. Nguvu inatoka kwenye sahihi: mapatano hayo yanawafunga wote waliyoyakubali, na yanaweza kupelekwa kwa notari au kuthibitishwa na hakimu ili yatekelezwe. Tena, upatanishi ukianza, muda wa kufungua kesi unasimama, isipokuwa pande zimekubaliana vingine. Ahadi za "rudi wiki ijayo" si upatanishi.

Kwa wakaaji wa mashariki, shida ni mara mbili. Goma na Bukavu ziliangukia mikononi mwa AFC/M23 Januari na Februari 2025, na Kinshasa iko mbali kwa zaidi ya kilometa 1 500. Mapatano yanahitaji ofisi ya kuyapigia muhuri, na ofisi hizo ndizo vita ilizivuruga.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Tanzania ilichagua njia nyingine. Sheria yake ya Bima ya mwaka 2009 iliweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, mbali na TIRA inayosimamia soko. Anayetoa kibali si yule anayesikiliza ugomvi. Wabunge wa Kongo wangefaa kulitazama hilo.

Kwa sasa, mwenye madai ajilinde kwa karatasi: mkataba, PV ya polisi, risiti za hospitali, na nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa. Na kabla ya kutia sahihi ili kupokea pesa, asome kama karatasi hiyo inasema madai yamekwisha. Sahihi hiyo nayo ina nguvu.