Yeye Alibonyeza Kubali, Mimi Je?

Haya jamani, leo sina somo la kuandika programu wala habari za simu mpya. Leo nina ugomvi. Ugomvi wenyewe ni na sentensi moja ambayo nimechoka kuisikia kutoka kwa watu wa kazi yangu: "Lakini mteja alibonyeza Kubali."

Sentensi hiyo hutolewa kila mara mazungumzo yanapofika kwenye programu za mikopo za simu. Nasema zile ambazo ukichelewa kulipa shilingi elfu mbili, watu wa kudai madeni wanampigia mama yako, bosi wako, mchungaji wako na yule fundi aliyekurekebishia jiko la gesi zamani. Ukiuliza nambari za watu hao zilitoka wapi, unajibiwa kwamba mkopaji alizitoa mwenyewe. Aliweka programu, ikamwomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina kwenye simu yake, akabonyeza Kubali. Basi, kesi imekwisha.

Haijakwisha. Mkopaji alitoa ruhusa ya kitu ambacho si chake. Nambari yangu ikiwa ndani ya simu yako, ni kwa sababu nilikupa ili unipigie. Sikukupa uiweke rehani. Jirani akikuachia ufunguo umlishie kuku akiwa safarini, huna haki ya kumpangisha mtu nyumba hiyo, hata ukitia sahihi mara mia. Na yule anayeipokea sahihi yako huku akijua nyumba si yako, tunamwitaje kwa Kiswahili?

Kabla sijaendelea, tafadhali tusiwacheke wanaokopa. Kijana anayeishi Nairobi anajua kalenda ya pesa ilivyo. Kodi ya nyumba inadaiwa tarehe tano. Mshahara, kama upo, una tarehe yake. Na kama unaishi kwa vibarua vya mtandaoni kama wengi wetu, pesa zinaingia siku mteja akikumbuka. Hapo katikati tokeni za umeme zinaisha saa nne usiku, mvua inanyesha jioni na nauli ya matatu inapanda papo hapo, kisha simu inatoka nyumbani kwamba mdogo wako amerudishwa kwa sababu ya karo. Benki haitaki kukuona bila hati za mshahara. Mkopo wa simu unaingia kabla chai haijapoa. M-Pesa ilianza mwaka wa 2007, M-Shwari ikaja mwaka wa 2012, na siku hizi kukopa kwa simu ni jambo la kawaida kama kununua mkate. Mimi sipingi mkopo wa simu. Deni ni deni, na lilipwe. Ninachopinga ni namna ya kulidai.

Sasa twende jikoni, kwa sababu hapa ndipo wengi hudanganywa.

Kwenye simu za Android, programu haiwezi kusoma orodha yako ya majina mpaka aliyeitengeneza aandike ombi la ruhusa hiyo ndani yake. Ni mstari mmoja tu. Zamani ruhusa zote ziliombwa kwa mkupuo wakati wa kuweka programu. Tangu Android 6 ya mwaka wa 2015, unaulizwa programu inapotaka ruhusa yenyewe, kwa kile kidirisha cha Kubali na Kataa. Ukishakubali, mistari mingine michache inatosha kupita kwenye orodha nzima, jina baada ya jina, na kuituma kwenye seva. Hutaona chochote kikitokea. Na ikishafika huko, hata ukiifuta programu kwenye simu yako, hujafuta kitu kwao.

Tena orodha hiyo si nambari tupu. Fungua yako sasa hivi uitazame. Utakuta "Keyateka", "Mama Mboga", "Mjomba Kitale", "Wakili wa Kesi ya Shamba", "Daktari wa Sukari Mama", na pengine "Usishike Huyu". Majina tunayobandika wenyewe yanaeleza nani anaumwa, nani ana kesi, nani ni jamaa ya nani. Anayeichukua orodha amechukua ramani ya maisha yako na ya watu waliokuamini.

Watetezi huniambia hivi: mkopeshaji anahitaji mtu wa kumwuliza kama mkopaji ni mtu wa kweli. Sawa, hiyo ni haja halali. Lakini Android ina njia ya kumwachia mtumiaji achague jina moja. Orodha inafunguka, unamgusa mtu mmoja, na programu inapewa taarifa za huyo mmoja peke yake. Njia hiyo haihitaji kabisa ruhusa ya kusoma orodha nzima, na haikuvumbuliwa jana. Imekuwepo miaka mingi, imeandikwa kwenye maelezo rasmi, na asiyeijua anaweza kuisoma akaielewa kabla ya chakula cha mchana. Kwa hivyo aliyechukua orodha nzima yenye watu mia nne hakuwa anatafuta mdhamini. Alikuwa anatafuta hadhira ya kukuaibisha mbele yake.

Kwani mdhamini hatumjui? Ukikopa kwenye sacco, unatembea na fomu. Mtu anasoma kiasi unachotaka, anakutazama usoni, halafu anatia sahihi au anakwambia pole, mwezi huu siwezi. Akitia sahihi, anajua ukikimbia akiba yake itaguswa. Ameulizwa, na alikuwa na nafasi ya kukataa. Mimi niliyemo kwenye simu yako sikuona fomu, sikuambiwa kiasi, na siku ya kugawana mkopo sikualikwa. Nakuja kujua kwamba mimi ni mdhamini siku ya kutukanwa.

Nimepigiwa simu hizo. Mara ya mwisho nilikuwa ndani ya matatu, Thika Road, mama mmoja akaniuliza kwa ukali kwa nini "rafiki yangu" hataki kulipa. Huyo rafiki ni mtu niliyemuuzia kibodi iliyotumika. Tulionana dakika kumi, kisha kila mtu akashika njia yake. Nikamwuliza huyo mama nambari yangu ameipata wapi. Akasema, "Uko kwenye mfumo." Niko kwenye mfumo! Kama mbuzi aliyetiwa alama sikioni.

Kwangu ilikuwa kero tu. Kwa dada mmoja jirani yetu, fundi wa kushona nguo, ilikuwa riziki. Wateja wake walitumiwa ujumbe kwamba ni mwizi, wasimpe pesa. Kazi ya ushonaji inaendeshwa kwa malipo ya kwanza: unaacha nusu, unarudi na nusu siku ya kuchukua nguo. Sasa nani ataacha nusu kwa mtu aliyeitwa mwizi? Walienda kwa fundi mwingine. Deni lenyewe lilikuwa dogo kuliko bei ya suti moja aliyoikosa. Halafu wale wale waliomharibia wateja wakaendelea kumpigia wakiuliza atalipa lini. Ukimvunja mtu mguu, usimdai mbio.

Msiniambie kwamba sheria haijasema. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, kifungu cha 28, inataka taarifa za mtu zikusanywe kutoka kwake mwenyewe, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa humo. Kanuni za wakopeshaji wa kidijitali za mwaka wa 2022, zinazosimamiwa na Benki Kuu ya Kenya, zinakataza vitisho, matusi, na kuwaandama watu walio kwenye simu ya mdaiwa. Mwaka wa 2023 Google ilizizuia programu za mikopo zilizo kwenye duka lake kusoma orodha ya majina na picha za mtumiaji. Mwaka huo huo Kamishna wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari zilizotoka kwa watu wengine kupiga simu na kutuma ujumbe wa vitisho.

Je, mchezo umekwisha? La. Kwanza, orodha zilizochukuliwa kabla ya hapo hazikuyeyuka. Nambari haiozi, wengi wetu tuna laini ile ile tangu tulipomaliza shule. Pili, duka la Google si mlango pekee. Mtu anaweza kukutumia kiungo, ukaweka programu moja kwa moja, na masharti ya duka yasimguse. Tatu, kuna wanaokutaka uandike kwa mkono nambari za watu wawili, na hao wawili hawaulizwi chochote. Ni ujanja ule ule uliovaa koti jipya.

Sasa nageukia wenzangu, maana ugomvi wangu mkubwa ni nanyi. Seva haiamki asubuhi ikaamua kuiba nambari za watu. Kuna mtu aliketi kwenye tarakilishi, pengine na kikombe cha chai kama changu, akaandika mistari hiyo, akaijaribu kwa simu yake, akaona inafanya kazi, akafurahi.

Baada ya kanuni hizo kutoka, niliitiwa kazi ya namna hiyo. Programu ya mkopo, ya kusambazwa kwa kiungo, na kwenye orodha ya mahitaji kulikuwa na sehemu ya kunakili majina yote "kwa usalama". Malipo yangetosha kodi yangu ya miezi mitatu. Nikasema nitaandika yote isipokuwa sehemu hiyo, nikawaeleza njia ya kuchagua jina moja. Wakanishukuru kwa upole, na kazi ikaenda kwa kijana mwingine ninayemfahamu. Nilipomwuliza, akanijibu kwa majibu mawili ambayo nyote mnayajua.

Jibu la kwanza: "Nisipoandika mimi, ataandika mwingine." Hoja hiyo hata dereva wa gari la majambazi anaweza kuitoa. Ni kweli ataandika mwingine. Basi aandike huyo mwingine, na akitafutwa atafutwe yeye.

Jibu la pili: "Mimi ni fundi tu, nafanya nilichoagizwa." Fundi gani huyo? Fundi wa kweli ukimwagiza achimbe choo kando ya kisima anakwambia hapana mzee, hapa utawanywesha watoto uchafu. Anakwambia hivyo kwa sababu anajua udongo kuliko wewe. Sisi ndio tunaojua udongo wa simu. Mama anayebonyeza Kubali hajui kinachofuata, na meneja aliyeagiza pengine hajui kwamba kuna njia nyingine. Tunaojua ni sisi. Daktari akikiuka maadili anaweza kunyang'anywa leseni. Sisi hatuna leseni ya kunyang'anywa, kwa hivyo tusipojizuia wenyewe, aliye karibu nasi kutuzuia ni nani?

Wala sitaki mseme nalalamika bila kutoa dawa. Ukipewa kazi ya programu ya mkopo, haya yanawezekana na hayachukui hata wiki. Usiombe orodha nzima, omba jina moja. Kabla ya kuihifadhi nambari hiyo kama ya mdhamini, mtumie mwenyewe ujumbe: fulani amekutaja, anakopa kiasi hiki, unakubali? Asipojibu, hesabu kwamba amekataa, na nambari ifutwe. Mwisho, weka ukurasa ambapo mtu asiye mteja anaweza kuuliza, "Mna nambari yangu?" na kuomba iondolewe. Mkopeshaji asemaye kwamba biashara yake haiwezi kusimama bila kuwatukana watu wasiomdai hana biashara. Ana genge lenye nembo nzuri.

Na wewe ndugu msomaji usiyeandika programu, ingia kwenye mipangilio ya simu yako, tafuta sehemu ya ruhusa, uone ni programu gani zinasoma orodha yako ya majina. Ya tochi ikiwemo, jiulize tochi inamtafuta nani. Ondoa ruhusa zisizo na maana. Hao ni watu wako unaowafungia mlango. Ukipigiwa kuhusu deni lisilo lako, usitukanane na aliyepiga. Uliza jina la kampuni, andika tarehe na saa, hifadhi ujumbe, kisha peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Data. Faini haitozwi kwa kero iliyobaki moyoni.

Wenzangu, mara nyingine mkiambiwa mwongeze ule mstari mmoja wa ruhusa, ulizeni kwenye mkutano, kwa sauti: hawa watu mia nne nani amewauliza? Chumba kikinyamaza, mmeshapata jibu.

Haya, naishia hapo. Nina kazi ya mteja iliyotakiwa iwe imekwisha jana. Tuonane wiki ijayo.