Ziwa likipanda, kivuko kinabaki wapi? Somo la Tanganyika kwa sisi wa Likasi

Mutu wa Likasi anaweza kuuliza: Kalemie ni mbali, mambo ya ziwa Tanganyika yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, bandari ya Kalemie njo mwisho wa njia ya reli ya SNCC inayopita hapa kwetu kwenda Tenke, Kamina na Kabalo. Pili, hata sisi tuko na ziwa letu karibu, Tshangalele, na kule Kapolowe watu wanaishi kwa samaki na mabwato.

Tuanze na Tanganyika. Mwaka wa 2024 mayi yalipanda mpaka karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari. Sehemu za Kalemie zilizo karibu na ufuko ziliingia mayi. Kule Uvira yalifika kwenye bandari ya Kalundu, na Bujumbura hoteli na viwanja vya starehe vya pembeni ya ziwa vilifunikwa. Mwaka wa 2021 pia watu walikuwa wamekwisha kuhama.

Sababu ni nini? Ziwa hili liko na mulango mumoja tu wa kutokea, ni muto Lukuga, pale pale Kalemie. Lakini mayi mengi hayatoki kwa Lukuga, yanapanda juu kwa jua. Mvua ikizidi kwa miaka inayofuatana, mayi yanaingia kuliko yanavyotoka, na ziwa linajaa polepole. Lukuga ikizibwa na muchanga na majani, inakuwa mubaya zaidi. Stanley alipopita mwaka wa 1876 alikuta Lukuga imezibwa. Miaka michache nyuma, mayi yalivunja kizuizi kile na ziwa likashuka.

Kumbe si jambo jipya. Mwaka wa 1964 pia ziwa lilipanda sana, kisha likashuka. Katika ile miaka ya kushuka, watu walijenga nyumba, depo na vivuko kwenye udongo ambao ziwa lilikuwa limeuacha kwa muda tu. Sasa ziwa limerudi kuchukua yake.

Kwa vivuko, tatizo liko hivi. Kivuko cha beto kinajengwa kwa urefu mumoja. Mayi yakishuka, mashua inabaki chini na muzigo haufiki. Yakipanda, kivuko kinazama, udongo unalainika, na magunia ya unga yanalowa ndani ya depo. Klabu ya mashua za starehe inaweza kununua kivuko cha kuelea, kinachopanda na kushuka pamoja na mayi. Muvuvi naye anavuta bwato lake juu kidogo. Anayeumia zaidi ni muchuuzi: gunia linabebwa kichwani ndani ya mayi, kila mubebaji analipwa, na ile pesa inaingia ndani ya bei ya soko.

Kuchimba Lukuga kunasaidia, lakini kusifanywe bila hesabu. Mayi yakiondoka sana, miaka ya ukavu bandari za Kigoma na Kalemie zitabaki juu ya udongo. Na ziwa ni la inchi 4: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Kwa hiyo kazi ile inapita kwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao Bujumbura, iliyotokana na mapatano ya mwaka wa 2003.

Sasa turudi kwetu. Tshangalele si ziwa la asili. Lilitokea karibu mwaka wa 1930, wakati kizuizi cha Mwadingusha kilipofunga muto Lufira kwa kutafuta umeme wa viwanda vya shaba. Mashine zake 6 zilifanywa upya, kazi ikamalizika mwaka wa 2021. Tofauti kubwa na Tanganyika ni hii: hapa kuna mutu anayeshika mulango. Mayi ya juu ni mazuri kwa umeme, lakini yanaweza kuingia mashamba ya pembeni na kufunika mahali pa kuteremushia samaki. Mayi ya chini yanaacha mabwato kwenye matope.

Kwa hiyo swali la wakaaji wa pembeni ya Tshangalele si la mvua peke yake. Nani anaamua mayi yakae wapi, na wavuvi wanajulishwa siku ngapi mbele ya kufungua mulango? Tangazo moja la mapema, kwa radio na kwa machifu, linagharimu kidogo kuliko wavu uliopotea na shamba lililooza.

Na kwa anayetaka kujenga kivuko ao depo mupya: usipime kwa mayi ya leo. Uliza wazee mayi yalifika wapi mwaka ule yalipopanda kuliko yote, weka alama, halafu jenga nyuma yake.